Kampeni ya simulizi katika vita vya Bretagne: tufanyeje ili anayeshindwa mapema abaki mchezoni?

Mlinzi wa Kivuko

Wanajamvi, salaam. Ninaomba ushauri wa wale waliokwisha kuendesha kampeni ndefu za vita vya Zama za Kati kwa visanamu, yaani mchezo wa mezani ambamo tokeo la pambano moja linaingia katika linalofuata, kwa maana kikundi chetu kimekwama, na nisingependa kampeni iliyotugharimu miezi ya kupaka rangi ife kabla haijafika katikati.

Tupo wachezaji wanne, wawili kila upande, na wa tano wetu ni mwamuzi. Tulichagua vita vya kugombea utawala wa Bretagne, eneo la kaskazini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, vilivyozuka baada ya mtawala wake, Jean III, kufariki mwezi Aprili 1341 bila kuacha mtoto. Upande mmoja unamtetea Charles de Blois, mume wa Jeanne de Penthièvre, binti wa ndugu wa Jean III; nyuma ya Charles alisimama mfalme wa Ufaransa. Upande wa pili unamtetea Jean de Montfort, ndugu wa marehemu kwa baba, aliyepata msaada wa Edward III wa Uingereza. Mgogoro huu ulitupendeza kwa sababu sehemu kubwa yake ilipiganwa na vikosi vidogo vilivyonyemeleana kati ya ngome na ngome, jambo linaloingia vizuri kwenye meza yetu ya sentimita 180 kwa 120 na visanamu vya milimita 28.

Tatizo letu ni hili. Tumechora ramani, na kila ngome humpa mwenye nayo pointi za kununulia askari. Upande wa Montfort ulishinda mapambano ya mwanzo, ukateka ngome, ukapata pointi, ukanunua askari wengi zaidi, na sasa kila pambano linakuwa limekwisha kabla dadu hazijarushwa. Wenzetu wa upande wa Blois bado wanahudhuria, lakini naona wazi kwamba wanakuja kwa heshima tu. Sitaki kuwapa pointi za bure, kwa kuwa walioshinda watajiona wamedhulumiwa, na kuanza upya kutafuta yote yaliyokwisha kutokea.

Jambo la pili, ambalo pengine ndilo mzizi wa la kwanza, ni kwamba mapambano yetu hayana sababu. Tunajipanga pande mbili za meza, tunasogea katikati, tunauana mpaka upande mmoja uvunjike. Ukiondoa majina ya kifaransa, pambano lolote kati ya hayo lingeweza kutokea popote duniani. Wenzangu mnalitatuaje hili?

Karani wa Fidia

Ndugu Mlinzi, kasoro iko kwenye kanuni ya ngome kuzaa askari. Kanuni hiyo inafaa mchezo wa kujenga himaya, ila katika Bretagne ya miaka ya 1340 mambo yalikwenda kinyume chake: ngome ilikula askari. Kila ngome uliyoiteka ilikulazimu uache humo walinzi, na walinzi wale walikula kwa kuzitoza parokia za jirani fedha, nafaka na mvinyo, mpaka parokia zenyewe zikakauka. Ngome pia haikuwa mali ya kudumu. Vannes ilizingirwa mara nne katika mwaka 1342 peke yake.

Basi badilisheni hivi. Kila upande uwe na idadi ya askari isiyoongezeka ovyo, na kila ngome inayotekwa ipewe walinzi kutoka katika idadi hiyo hiyo. Asipowaacha, ngome inarudi kwa wenyewe mwisho wa msimu bila pambano. Ngome iingize fedha tu, na fedha hizo zipungue kila msimu parokia zinapokamuliwa bila kupumzishwa. Mtakachokiona ni kwamba anayeshinda sana anatawanyika sana, na aliyebaki na ngome mbili au tatu anaweza kukusanya kikosi kizito na kumpiga mwenzake pale alipo mwembamba. Hakuna anayepewa cha bure, na mshindi hana wa kumlaumu.

Dawa ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni fidia ya mateka. Mtu mwenye deraya na nembo ya ukoo alikuwa na thamani kubwa akiwa hai kuliko akiwa maiti, na kila askari aliyemwangusha alilijua hilo. Katika kampeni ninayoiendesha, kila kabaila mwenye jina anapoangushwa mezani tunarusha dadu moja baada ya pambano: 1 amekufa, 2 au 3 amejeruhiwa na hatapigana msimu unaofuata, 4 hadi 6 ametekwa. Hapo ndipo simulizi inapoanza, kwa sababu aliyemteka ana njia tatu, na zote zina uchungu. Anaweza kumwachia haraka kwa fedha kidogo. Anaweza kumshikilia akingoja fedha nyingi, huku akilipia chakula na walinzi wake. Au anaweza kumbadilisha na mateka wa upande wake. Nimewahi kuona wachezaji wawili wa upande mmoja wakinuniana jioni nzima kwa sababu mmoja alitaka kumrudisha ndugu yake kwa kubadilishana, na mwingine alitaka fedha za kulipa wapiga upinde.

Tazama pia vita vyenyewe vilivyoenda. Jean de Montfort alikamatwa Nantes mwishoni mwa 1341, miezi michache tu tangu ugomvi uanze, na kwa kanuni zenu kampeni ingekwisha siku ile. Badala yake mkewe, Jeanne de Flandre, aliishikilia Hennebont mwaka 1342, akatoka nje ya kuta na wapanda farasi na kuichoma kambi ya waliomzingira, akangoja mpaka meli za Waingereza zikafika. Miaka mitano baadaye Charles de Blois naye akatekwa, akakaa mateka hadi 1356, na mkewe Jeanne de Penthièvre akaendelea na vita kana kwamba mume yupo. Si bure vita hivi vikaitwa vya akina Jeanne wawili.

Kutokana na hayo, kila mchezaji asishike shujaa mmoja, ashike ukoo. Awe na bwana, mke, mdogo wa bwana au binamu, na nahodha wa kukodiwa asiye na ardhi wala aibu. Bwana akitekwa, mchezaji haondoki mezani. Anahamia kwa mke au kwa binamu, na lengo lake linabadilika: jana alitaka kuteka ngome ya Ploërmel, leo anataka fedha za kumkomboa bwana, na fedha ziko katika misafara ya adui.

Brashi Mbili

Nakubaliana na Karani kuhusu fidia na ukoo, lakini ramani ningeitupa kabisa. Nimeshiriki kampeni kadhaa za ramani, na nyingi zilifia kwenye hesabu: nani yuko wapi, njia ina siku ngapi, nafaka imebaki kiasi gani, na mwisho wa yote tunapata pambano la askari themanini dhidi ya kumi na wawili ambalo hakuna anayetaka kulicheza. Ramani ni nzuri ukutani.

Ninachokipendelea ni mnyororo wa mapambano ambao kila tokeo linafungua mlango tofauti. Chukua msafara wa mikokoteni unaopeleka chakula katika ngome iliyozingirwa. Ukifika, pambano linalofuata ni la waliozingirwa kutoka nje kwa nguvu. Usipofika, ni mashauri ya kusalimu amri, pamoja na jaribio la nahodha kutoroka usiku. Hapo mambo mawili yanatimia kwa pamoja. Pambano linakuwa na sababu, maana mikokoteni ndiyo inayohesabiwa wala si maiti, na aliyeshindwa anapata kisa kipya badala ya jeshi dogo. Mimi huongeza kanuni moja: aliyeshindwa ndiye anayechagua uwanja wa pambano linalofuata. Ni fidia tosha, na mshindi hawezi kuiita dhuluma, kwa kuwa kihistoria mdhaifu ndiye aliyejua kila kichaka cha kwao.

Vita vya Bretagne vina mapambano ya namna hiyo tele. Mwaka 1350 Thomas Dagworth, kamanda wa Edward III katika Bretagne, aliuawa katika shambulio la kuvizia akiwa na kikosi kidogo karibu na Auray. Hilo ni pambano la jioni moja: barabara, vichaka pande mbili, na mtu mmoja ambaye upande mmoja unataka afike ng'ambo ya meza.

Lililo bora kuliko yote ni Pambano la Thelathini, tarehe 26 Machi 1351. Jean de Beaumanoir, aliyeshika ngome ya Josselin, alikubaliana na Robert Bemborough, nahodha wa Ploërmel, wakutane katikati ya njia na watu 30 kila mmoja. Upande wa Bemborough haukuwa wa Waingereza watupu. Walikuwamo Wajerumani na Wabretagne wa upande wa Montfort pia. Walipigana kwa miguu, wakachoka, wakakubaliana kupumzika, wakanywa na kufunga majeraha yao, kisha wakarudiana. Inasimuliwa kwamba Beaumanoir aliyejeruhiwa aliomba maji, na mwenzake mmoja akamjibu kwamba na anywe damu yake mwenyewe, kiu itamtoka. Mwishowe Guillaume de Montauban alipanda farasi, akaivunja safu ya wapinzani kwa kuikanyaga, na Bemborough akiwa amekwisha kuuawa, waliosalia wa upande wake wakatekwa.

Tulipolicheza, kila kisanamu kilikuwa na kadi yake yenye jina, majeraha na uchovu. Uchovu ndio uliotawala mchezo. Kila pigo, la kupiga au la kukinga, linaongeza alama moja. Zikifika nne mtu anapigana na dadu moja pungufu. Mapumziko hayaji mpaka manahodha wote wawili wayakubali, kwa hiyo mwenye watu waliochoka zaidi anaomba, na mwenzake anajiuliza kama amkubalie au ambane. Mmoja wetu alikataa mara mbili, kisha akalazimika kuyaomba yeye. Kuhusu farasi, tulimwachia kila mchezaji uhuru wa kumtuma mtu mmoja kwa siri, lakini kufanya hivyo kunamwondolea sifa ya uungwana katika mapambano yote yatakayofuata, nami naona hiyo ndiyo bei halali.

Kwa watakaopaka rangi: nembo ya Beaumanoir ni uwanja wa buluu wenye vibao kumi na kimoja vya fedha, na ya Bretagne yenyewe ni nyeupe iliyotapakaa alama nyeusi za manyoya ya ermini, mnyama mdogo mwenye manyoya meupe na ncha nyeusi ya mkia. Alama hizo zichoreni kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba. Wanaosema brashi inatosha wana macho ambayo mimi sina.

Mwamuzi wa Zamu

Ndugu zangu, nimesoma yote, nami ninasimama katikati. Ramani inakuwa mzigo pale wachezaji wote wanapoiona na kuihesabu. Ikiwa ni ya mwamuzi peke yake, inageuka chemchemi ya visa. Wachezaji wabaki na ramani mbovu, iliyochorwa kwa mkono, yenye makosa mawili matatu ya makusudi, na waandike amri zao kwa barua. Mimi hukataa barua inayozidi sentensi tano. Mjumbe anaweza kuchelewa, na barua inaweza kutekwa, na ikitekwa naipeleka kwa mpinzani kama ilivyo, bila kuongeza neno.

Kwa kufuatilia vikosi natumia mbinu ya wazee wa mchezo huu, yaani visanduku vya kiberiti vilivyogundishwa pamoja, kila kimoja kikiwa mraba mmoja wa ramani. Kila kikosi kina kipande cha karatasi ndani ya droo yake. Zamu ikifika navisogeza, na droo ikikutwa na karatasi za pande mbili, nawapigia wachezaji simu. Kazi hii inanichukua muda mfupi kuliko kupanga miti mezani.

Simulizi, hata hivyo, inatoka kwa watu zaidi kuliko kwa ramani. Tony Bath, Mwingereza aliyeanzisha chama cha Society of Ancients mwaka 1965, katika kampeni yake mashuhuri alitumia karata za kawaida kuwapa watu wake tabia. Nimeliiga wazo hilo kwa kanuni zangu mwenyewe: kila mtu wa ukoo anavutiwa karata tatu, na ya kwanza ndiyo yenye uzito. Kopa ni huruma na uaminifu, uru ni tamaa ya fedha, shupaza ni makuu. Nahodha mwenye uru kubwa akikosa mshahara misimu miwili, mimi ndiye ninayeamua ataiuza ngome kwa nani, na mchezaji wake hajui mpaka asubuhi anapokuta lango limefungwa.

Kisha kuna viapo, ambavyo sijaona mkivitaja. Watu wa karne ile waliapa hadharani, na viapo vikawaponza. Katika pambano la Mauron, huko huko Bretagne, tarehe 14 Agosti 1352, Wafaransa wengi wa Jumuiya ya Nyota, chama cha mashujaa kilichoundwa na mfalme Jean II wa Ufaransa, waliuawa, nao walikuwa wameapa kutorudi nyuma katika vita. Kamanda wao Guy de Nesle alifia hapo hapo. Upande wa pili nao haukuwa na upole: Walter Bentley, aliyeshinda siku ile, aliamuru wapiga upinde 30 waliokimbia wakatwe vichwa. Au chukua mji wa Rennes, uliozingirwa na Henry wa Lancaster, kamanda wa Edward III, tangu vuli ya 1356. Alikuwa ameapa kutoondoka bila bendera yake kupandishwa kwenye kuta, na mfalme wake akamwamuru aondoke kwa kuwa mkataba wa kusitisha vita ulikwisha kutiwa saini. Inasimuliwa kwamba walipatana: mji ulipe fedha nyingi, naye aisimamishe bendera yake juu ya lango kwa muda mfupi, kiapo kitimie, kila mtu aende zake.

Kwangu kila mchezaji huapa mwanzoni mwa msimu, mbele ya wenzake, jambo moja linaloweza kupimwa mezani. Akilitimiza, wapya wanajiunga naye. Akilivunja, anapoteza wa kujitolea, hata akiwa ameshinda kila pambano. Tangu tuanze utaratibu huu, aliyeshindwa vitani mara nyingi ndiye anayetajwa zaidi mwisho wa msimu.

Mlinzi wa Kivuko

Ninawashukuru nyote. Nimemwonyesha mwamuzi wetu, naye amekubali mara moja kanuni ya ngome kula askari na ile ya ukoo. Kuhusu visanduku vya kiberiti ameanza kuvikusanya. Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba upande wa Montfort, ukilazimika kuacha walinzi katika kila ngome uliyoiteka, utabaki uwanjani na thuluthi moja hivi ya watu wake, jambo ambalo wenye Blois wamelipokea kwa furaha isiyofichika.

Sasa tungependa kurudi mchezoni kwa pambano kubwa, na tumefikiria pambano la mji wa La Roche-Derrien la 1347, kwa kuwa ndipo Charles alipotekwa. Hofu yangu ni kwamba tokeo linajulikana. Karani, wewe umegusia tukio lile. Utaliwekaje mezani ili Charles awe na nafasi ya kweli?

Karani wa Fidia

Nafasi anayo, na ni kubwa. Charles alikuwa ameuzingira mji akiwa na watu wengi mno kuliko Dagworth, ambaye alikuja na askari wa deraya wapatao 300 na wapiga upinde wapatao 400. Kilichomponza Charles ni mpango wake: aliligawa jeshi katika kambi kuuzunguka mji, nyingine ikiwa ng'ambo ya mto Jaudy, na akaamuru kila kambi ikae mahali pake hata ikisikia kelele kwa jirani. Dagworth akavamia kabla ya mapambazuko ya tarehe 20 Juni, mapigano yakachanganyika gizani, yeye mwenyewe akakamatwa na kukombolewa, na kulipoanza kupambazuka walinzi wa mji pamoja na wakazi wakatoka nje na kuwapiga waliozingira kwa nyuma. Charles alitekwa akiwa na majeraha mengi.

Mezani weka mji katikati, mto ukikata pembe moja, na kambi nne. Mchezaji wa Blois aandike kabla ya mchezo amri ya kila kambi, na asiibadilishe ila kwa mjumbe anayesogea mezani kama kisanamu kingine chochote. Akiandika kama Charles, atapata tabu ya Charles. Akiandika kwamba kambi ya pili iende pale panapowaka moto, ana matumaini, lakini mnyime uhakika: gizani kikosi kinachokutana na kikosi kingine kirushe dadu, na kwa 1 au 2 wanapigana hata kama ni wa upande mmoja. Wapiga upinde wasione zaidi ya sentimita 15 mpaka zamu ya sita. Kuanzia zamu hiyo mwamuzi arushe dadu kila zamu kuona kama lango la mji linafunguka, kwa 5 au 6, na kila kambi inayoachwa tupu iongeze moja.

Dagworth naye afungwe na muda. Asipomkamata Charles, au asipoifungua njia ya mjini kufikia zamu ya kumi, kutakuwa kumekucha, na idadi ya Wafaransa itaanza kusema. Nashauri kila upande uwe na mtu wa ukoo aliyeachwa nje ya pambano, kwa sababu makamanda wote wawili wanaweza kutekwa usiku mmoja, na mkifika hapo msibadilishane haraka. Dagworth mmoja kwa Charles mmoja ni biashara ambayo upande wa Montfort utaikataa, na ubishi wake utawafikisha hadi msimu wa mavuno.